Injini Ikizimika, Nia ni ya Nani?

Jioni Dar es Salaam, foleni ikiwa imeganda kwenye mataa ya Mwenge, Mazda Demio iliyoletwa kutoka Japani hunyamaza yenyewe. Dereva amekanyaga breki, gari limesimama, injini imezima. Akiachia breki, inawaka kabla mguu haujagusa pedali ya mafuta. Miaka inapita, gari linafika kwa mmiliki wa pili au wa tatu, na sasa halizimi tena. Taa ndogo ya rangi ya chungwa inapepesa kwenye dashibodi. Fundi anaitazama na kusema kile ambacho wenye magari wengi wamekwisha kukisikia: "Hiyo achana nayo, bosi. Gari si linatembea?"

Linatembea, ndiyo. Lakini ubovu huo mdogo unaibua swali ambalo mashehe, mapadri na wanafalsafa wamelihangaikia tangu zamani, ila hawakulikuta chini ya boneti. Mfumo ulipokuwa mzima na mafuta yakiokolewa kila gari liliposimama, nani hasa alikuwa akitenda jema? Na ulipokufa, wajibu ule umemrudia nani?

Kwanza, mfumo wenyewe. Wazo si geni: Toyota ililijaribu kwenye Crown mwaka 1974. Mazda ilianza kuuza wake, i-stop, nchini Japani mwaka 2009. Hoja yake ni nyepesi. Injini inayounguruma gari likiwa limesimama inachoma mafuta bila kumfikisha mtu popote. Wizara ya Nishati ya Marekani huwaambia madereva kwamba kusimama zaidi ya sekunde 10 injini ikiunguruma hula mafuta mengi kuliko kuizima na kuiwasha upya. Ili injini iweze kuzimwa na kuwashwa mara nyingi kwa siku, gari hupewa stata imara zaidi, betri iliyoundwa kwa kazi hiyo, na sensa inayopima hali ya betri.

Hapo kwenye betri ndipo matatizo mengi yanapoanzia. Ikichoka kidogo tu, kompyuta husitisha uzimaji ili umeme wa kuwashia usije ukakosekana. Mara nyingi mmiliki ameshafunga betri ya kawaida kwa sababu ile maalumu ni ghali, au fundi amefunga betri inayofaa bila kuitambulisha kwa kompyuta ya gari. Haki itendeke kwa mashine pia: kutozima si lazima kuwe ubovu. Injini ikiwa baridi, mkanda ukiwa haujafungwa, boneti ikiwa wazi, au kiyoyozi kikihangaika na joto la pwani, mfumo hujizuia kwa makusudi. Taa inayopepesa ndiyo yenye malalamiko.

Sasa swali lenyewe. Mtoto wa Kiislamu hufundishwa tangu chuoni kwamba amali huhesabiwa kwa nia. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya Ulum al-Din kwa ajili ya nia, ikhlasi na ukweli, kwa sababu aliona jinsi tendo jema la nje linavyoweza kuwa tupu ndani. Mwaka 1785 Immanuel Kant alifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Alimtaja muuza duka asiyempunja mteja mgeni wa bei, kwa kuwa tu biashara inanoga akijulikana kuwa mwaminifu. Mteja amepata haki yake, alisema Kant, lakini tendo lile bado halina thamani ya kimaadili, maana halikutoka kwenye wajibu.

Kwa kipimo hicho, dereva wa Demio hana cha kujivunia. Mafuta yameokoka kweli, na mama anayechoma mahindi kando ya barabara amevuta moshi pungufu. Faida hiyo isidharauliwe hata kidogo. Ila faida ni jambo moja na wema wa mtu ni jambo jingine. Dereva aliyekuwa akichezea simu wakati injini inazima hakuutenda wema huo. Ulipita mbele yake tu.

Kuna hoja nzito ya kumtetea. Aliyechimba kisima hupata thawabu hata akiwa amelala, na hakuna anayemdai anuie upya kila ndoo inapotoka. Basi aliyechagua gari kwa sababu linajizima ameweka nia mara moja, siku ya kununua, na nia hiyo inaendelea kuzaa. Hoja hii ni sahihi, na inamfaa mtu wa namna hiyo. Lakini wangapi wanaoagiza gari la mtumba huulizia i-stop? Huulizia bei, kilomita na kodi. Wengi hugundua uwepo wa mfumo huo siku injini inapowazimikia mara ya kwanza, na jambo la pili wanalotaka kujua ni kitufe cha kuuondoa.

Hata watengenezaji nia zao hazikuwa safi moja kwa moja. Jaribio la zamani la Ulaya la kupima moshi, lililoitwa NEDC, lilidumu sekunde 1,180, na karibu robo ya muda huo gari lilikuwa limesimama. Mfumo wa kuzima injini uling'ara hapo kuliko unavyong'ara kwenye barabara kuu. Marekani nayo iliwapa watengenezaji alama za ziada kwa kuufunga, na mwezi Mei 2025 Lee Zeldin, mkuu wa shirika la mazingira la nchi hiyo, alitangaza kwamba watu wanauchukia na kwamba atalishughulikia jambo hilo. Wema unaotendwa mbele ya mtahini una jina la kale katika dini: riya. Mafuta yaliyookolewa hayakuwa ya uongo, lakini mfumo uliopandwa kwa ajili ya kusifiwa ni rahisi kung'olewa sifa zikikoma.

Papa Fransisko aliliona hilo. Katika waraka wa Laudato Si', mwaka 2015, aliandika kwamba sheria na kanuni peke yake hazitoshi, na kwamba utunzaji wa dunia unahitaji tabia njema zilizoota ndani ya mtu, hata katika jambo dogo kama kuzima taa isiyohitajika. Kompyuta ya gari ni kanuni iliyofungwa kwa nyaya. Ikikatika, kinachobaki ni kile dereva alichonacho moyoni.

Upo pia ubovu wa kinyume, nao hauna mjadala: injini inazima halafu inakataa kuwaka. Mwaka 2022 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilifungua uchunguzi kuhusu Honda Pilot za 2016 hadi 2019 baada ya malalamiko ya aina hiyo. Gari linalozimika katikati ya njia panda, lori likija, linahatarisha roho za watu, na hakuna tone la mafuta lenye thamani ya roho. Mwenye gari la hivyo abonyeze kitufe cha kuuzima mfumo, kila anapowasha gari ikibidi, mpaka lipate fundi. Hapo kuuzima mfumo ndiyo haki.

Jaribu kubwa zaidi huja siku ya kuuza. Taa inaweza kuzibwa kwa utepe na mnunuzi asijue kitu kwa miezi. Fiqhi humpa mnunuzi haki ya kurudisha kitu chenye kasoro iliyofichwa, na kisa cha Mtume kutia mkono ndani ya fungu la nafaka sokoni na kukuta unyevu chini yake hakiachi mwanya. Nafaka ile ililika, na gari hili linatembea. Kosa ni kuficha. Muuzaji anayesema, "i-stop haifanyi kazi, betri ndiyo tatizo," anaweza kupunguziwa bei, lakini pesa atakayopokea ni halali.

Anayebaki na gari lake bado anao ufunguo. Asijaribu kuigiza kompyuta kwenye foleni inayosogea, maana injini ikizima usukani unakuwa mzito na nguvu ya breki hupungua. Lakini zipo sehemu nyingi ambako gari husimama kwa muda mrefu: nje ya shule, mlangoni kwa rafiki, kwenye msururu wa pantoni ya Kigamboni au feri ya Likoni, huku wachuuzi wakipita katikati ya magari na kuvuta kila kinachotoka kwenye mabomba ya moshi. Dereva aliyefika hapo, mfumo wake uwe mzima au mbovu, azime injini kwa mkono wake, na ajue kwa nini anaizima.