Nani Astahili Jina la Njia?

Kuipa barabara jina huonekana kuwa kazi ya makarani tu. Sisi twaona sivyo. Jina la njia hutamkwa kila siku na maelfu ya watu, wazee kwa watoto, nao hufundishwa nalo, hata bila kujua, ni nani wa kuheshimiwa katika mji wao.

Tuitazame Dar es Salaam. Njia moja kubwa ya katikati ya mji Wajerumani waliiita Unter den Akazien, yaani chini ya migunga. Waingereza wakaiita Acacia Avenue. Baada ya Uhuru wa 1961 ikawa Independence Avenue; na baadaye ikapewa jina la Rais Samora Machel wa Msumbiji.

Wako wasemao kwamba kubadili majina ni kufuta historia. Hatukubaliani nao. Mtawala mgeni alibandika jina pasipo kumwuliza mtu. Mwenye nyumba arudipo ana haki ya kuandika lake mlangoni. Lakini haki hiyo ina wajibu wake. Yafaa mtoto aambiwe majina yote manne, na sababu ya kila moja. Asipoambiwa, hata jina jipya litakuwa kibao tu.

Sasa tuitazame Kariakoo. Jina hilo hakulitoa mtawala kwa kumheshimu mtu. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwakusanya wapagazi, wengi wao kwa nguvu, wabebe risasi na chakula cha jeshi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na kambi yao ilikuwa mahali pale. Watu wakalitamka kwa ulimi wao: Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa asili ile ile. Wapagazi hao walikufa kwa maelfu, zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi, na wengi hawana kaburi lijulikanalo. Leo mtu aenda sokoni kununua nyanya, wala hajui kwamba amewataja marehemu.

Hapa ndipo penye swali. Je, heshima ya jina ni ya mwenye cheo, au ni ya aliyebeba mzigo? Hatusemi wakubwa wanyimwe haki yao. Lakini mkubwa ana vitabu, picha na sanamu za kumkumbusha. Mpagazi hana ila jina la mahali. Basi yeye ndiye alihitajiye zaidi.

Neno hili si la miji mikubwa peke yake. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, nchi yetu iliendesha kazi ya anwani za makazi, na njia nyingi zisizokuwa na jina zikapewa. Mitaa mipya ingali yazaliwa. Katika vikao vya kuipa majina ni rahisi kumtaja tajiri aliye hai, kwa kuwa yupo na anasikia. Twawasihi wazee wa mitaa waulize kwanza: Ni nani aliyewazalisha mama zetu hapa bila kudai malipo? Ni nani aliyekata kipande cha shamba lake ili njia ipite? Jina lake na liandikwe, hata kama hakuacha mali wala watoto.

Nanyi wazazi, mtoto aulizapo kwa nini Kariakoo yaitwa Kariakoo, msimwambie kwamba ni jina tu. Mwelezeni habari za wapagazi.