Tundu Lisilopaswa Kuzibwa

Shaba ya Kinsevere haizeeki. Mgodi huo uko yapata kilomita 30 kaskazini mwa Lubumbashi, na mabamba yanayotoka pale, hata yakitumika kama nyaya miaka mingi, yatayeyushwa na kuwa shaba ile ile, bila kumbukumbu ya kazi iliyoifanya. Ngoma ya mti haina njia hiyo. Anayenunua ngoma kuukuu katika nchi hii ya shaba lazima aamue: uchakavu upi ni mali ya ngoma, na upi ni maradhi yake?

Ngozi hainisumbui. Huoteshwa moto ikaze, hupasuka, huwambwa nyingine, na hakuna mpigaji aliyedhani kwa hilo amepata ngoma mpya. Anayekataa kuwamba ngozi mpya kwa jina la uhalisi analinda uhalisi ambao wenye ngoma hawakuutaka kamwe.

Mzinga ndio wenye mambo. Baadhi ya ngoma za Katanga na Zambia zina tundu dogo ubavuni, lililofunikwa kwa utando mwembamba wa kifuko cha mayai ya buibui. Ngoma ikipigwa, utando hutetemeka na sauti hutoka na mvumo juu yake. Ikikaa miaka stoo, utando huisha, hubaki tundu tupu. Fundi hodari mwenye gundi na unga wa mbao ataliziba, atasifiwa kwa kazi safi, na ngoma itakuwa imepoteza nusu ya sauti yake. Jicho peke yake haliwezi kutenga kasoro na kiungo. Anayeweza ni aliyeipiga. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mrekebishaji naye asipouliza huvutia kwake.

Soko nalo hupenda uzee, kwa hiyo wapo wanaofukiza vitu vipya kwa moshi. Lakini uchakavu wa kweli una upande: mti umelainika pale palipobanwa na mapaja na palipoguswa na viganja, kwingine bado una alama za tezo. Moshi haujui mpigaji alikaa wapi.

Hata hivyo, si kila alama ya kweli ilitiwa na mkono wa mpenzi. British Museum ina ngoma kubwa ya gogo lenye mpasuko, yenye umbo la mnyama, iliyochongwa Afrika ya Kati. Ilifika Khartoum, ikatiwa nakshi za Kiislamu. Mwaka 1898 jeshi la jenerali Mwingereza Kitchener likaichukua, ikachongwa taji la Uingereza, ikapelekwa kwa Malkia Victoria. Je, taji hilo likwanguliwe? Nasema hapana. Kulikwangua ni kumfutia mtekaji ushahidi, na mti uliokwisha kukatwa hauwezi kurudi. Ila kuhifadhi alama kusigeuzwe sababu ya kuinyamazisha ngoma. Ngoma ya namna hiyo hupigwa kwenye midomo ya mpasuko, na wanaojua kuipiga bado wapo Kongo. Hao ndio wa kuulizwa kwanza, kabla ya mwenye gundi na kabla ya mwenye kabati la kioo.