Nani Aliye na Haki ya Kufuta?

Kompyuta ya nyumbani ikianza kujikokota kama mkokoteni wenye gurudumu bovu, watu wote wa nyumba huafikiana upesi juu ya neno moja: mafaili ya zamani yamezidi, na yafutwe. Hapo hapatafutwi ushahidi. Aliye kijana kuliko wote, kwa kuwa ndiye azijuaye zaidi njia za mashine, hupewa kazi hiyo jioni, na asubuhi husema amekwisha maliza. Pengine msomaji atacheka akiona tumelileta jambo hili katika ukurasa huu, mahali alipozoea kusoma juu ya haki na wajibu. Lakini kufuta ni kuhukumu. Ni kusema kwamba hiki kikae, na kile kisiwepo tena. Na penye hukumu hapakosi kuwapo mtu awezaye kudhulumiwa.

Nitasema yaliyotukia nyumbani kwangu, maana sipendi kumsema jirani. Mwaka 2014 mama yangu mzazi, ambaye sasa ni marehemu, alikaa nasi muda wa mwezi mmoja. Jioni baada ya chakula tulimrekodi kwa simu akitaja wazee wa ukoo: nani alimzaa nani, walitoka wapi, na kwa nini walihama. Tulipata rekodi nne. Tulizitia katika kompyuta, wala hakuna aliyejisumbua kuzipa majina; zilibaki na tarakimu tu zilizotiwa na simu yenyewe. Likizo iliyopita nilimwambia mwanangu, «Ondoa vitu vya zamani, mashine imechoka.» Naye akatii. Aliyapanga mafaili kwa tarehe, akayafuta yote yaliyozidi miaka mitano, kisha akalimwaga na lile pipa la taka la kompyuta. Nilipomwuliza, alinijibu kwa heshima, «Baba, ulisema vya zamani.» Sikuwa na neno la kumjibu. Mkono ulikuwa wake, lakini hukumu ilikuwa yangu.

Je, mashine ilipona? Haikupona hata kidogo, na hapo ndipo nilipolazimika kujifunza yale yaliyonipasa kuyajua kabla ya kutoa amri.

Kompyuta ina mahali pawili pa kuwekea vitu, na wengi wetu twapachanganya. Diski ni kama ghala. Kumbukumbu ya kazi ni kama meza ya karani. Faili lililolala ghalani bila kufunguliwa halimchoshi karani, hata likikaa humo miaka ishirini. Linalomchosha ni meza kujaa, na aghalabu wanaoijaza ni zile programu zinazojiamsha zenyewe kila mashine inapowashwa, hata kama hakuna aliyeziita. Ni kweli kwamba ghala nalo likijaa hadi mlangoni kazi huzorota, kwa sababu meza ikikosa nafasi mashine huazima pembe ya ghala iwe meza ya ziada, na pembe hiyo ikikosekana, karani husimama. Katika diski za sahani zizungukazo, faili likikosa nafasi moja ya kulitosha hukatwa vipande na kutawanywa huku na huku, na kuvikusanya tena ni kazi. Diski za kisasa zisizo na sahani hazina tabu hiyo ya vipande, ila nazo hupungukiwa na kasi zikijazwa mno, maana huhitaji nafasi tupu ili ziandike.

Basi ni nani hasa wajazao ghala? Ni mabaki ya masasisho, mafaili ya muda ambayo programu huyaacha nyuma, vitu tulivyopakua mara moja tukavisahau, na zaidi ya vyote, video. Dakika moja ya sauti iliyobanwa kwa namna ya kawaida huchukua kadiri ya megabaiti 1. Saa moja ya video ya simu huchukua gigabaiti kadhaa, na kila gigabaiti ni megabaiti 1,000. Rekodi zote nne za mama yangu hazikuifikia hata robo ya video ya harusi moja, ambayo tulitumiwa na watu watatu na kuihifadhi mara tatu. Video hiyo ilisalia salama, zote tatu, kwa kuwa ilikuwa ya mwaka huu.

Hili ndilo lililonisumbua kuliko hasara yenyewe. Tulitafuta mkosaji, tukamshika aliye mzee na mkimya, kwa sababu uzee ni rahisi kuuona na ukimya haujitetei. Wenye hatia walikuwa wakipiga kelele mezani, na hakuna aliyewagusa. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, nasi tuliutupa mbacha huku msala haujafika.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba aliye mwema ni yule asiyefuta kitu. Nawafahamu wazazi wenye picha maelfu kwa maelfu, ishirini za keki moja, wasioweza kuipata picha ya ubatizo wa mtoto wao bila kutafuta siku nzima. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta ya kwanza yenye diski ya namna hii. Diski hiyo ilikuwa na sahani 50, uzito wake ulizidi tani moja, nayo iliweza kuhifadhi herufi milioni 5 tu. Pengine isingetosha kwa picha moja kubwa ya simu ya leo. Mtu wa wakati ule alilazimika kuchagua. Sisi wingi umetupokonya desturi ya kuchagua, nasi twaita uvivu huo kumbukumbu. Anayewaachia watoto wake lundo lisilo na majina amewaachia mzigo, nao siku moja watalifuta lote bila kuangalia; na mimi, niliyeacha sauti ya mama yangu na tarakimu badala ya jina, sina haki ya kuwalaumu.

Tena kuna mafaili ambayo kuyahifadhi ndiko kosa. Katika kompyuta yangu nilikuta nakala ya kitambulisho cha jirani, aliyekuja miaka mingi iliyopita nimsaidie kuomba kazi. Nilikuta vyeti vya shule vya watoto wasio wangu, na barua ya daktari ya mtu ambaye sitasema ni nani. Mashine ni yangu, niliinunua kwa fedha yangu. Lakini je, vitu hivyo ni vyangu? Sivyo. Nilipewa kwa shughuli moja, na shughuli ilikwisha. Kadhalika barua za binti yangu si zangu, ijapokuwa zimelala chini ya paa langu. Mwenye mashine ni mmoja, mwandishi wa faili ni mwingine, na anayetajwa ndani yake huenda akawa wa tatu. Mwenye kufuta yampasa kuwafikiria wote watatu, na mwenye kuhifadhi hali kadhalika.

Na kufuta kwenyewe si kufuta. Tunapolipeleka faili katika pipa la taka na kulimwaga, mara nyingi mashine hufuta jina lake tu katika daftari la ghala, na kusema kwamba chumba kile sasa ni kitupu. Mpangaji bado yumo ndani, mpaka mwingine aje kukaa mahali pake. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat, wa chuo cha MIT huko Marekani, walitangaza kwamba walinunua diski kuukuu 158. Katika 129 zilizofanya kazi, 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa barabara. Katika nyingine walikuta barua za watu, na nambari za kadi za benki zaidi ya 5,000. Hapa kwetu kompyuta nyingi hununuliwa zikiwa zimekwisha kutumika, na zikichoka huuzwa tena. Auzaye bila kuisafisha diski kwa programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, huuza na kitambulisho cha jirani.

Kwa upande wangu habari hiyo ilikuwa ya matumaini. Kama mpangaji bado yumo, basi sauti ya mama yangu ingepatikana. Laiti ningalijua siku ile ile, ningaliizima mashine nisiiguse, kwa maana diski yangu ni ya sahani. Lakini kijana alikwisha kuijaza ile nafasi aliyoipata, na wapangaji wapya walikwisha kuingia. Fundi alifanya kazi siku mbili, akatupatia rekodi moja katika zile nne, nayo hukatika kabla ya mwisho. Hakutaka malipo ya zile tatu.

Siku hizi nyumbani kwetu hafuti mtu peke yake kitu asichokitengeneza mwenyewe. Jumamosi moja tulikaa sote mbele ya kile kioo, tukaanza na programu zinazojiamsha, tukaondoa tisa, na mashine ikaenda kama zamani. Harusi tuliibakiza moja. Kitambulisho cha jirani nilikifuta baada ya kumwuliza; alikuwa amekwisha sahau kwamba ninacho. Ile rekodi iliyosalia tumeipa jina la mama na mwaka, na nakala yake imo katika flashi mbili, moja kwangu na moja kwa dada yangu.

Dada huyo anasema kwamba rekodi zote nne huenda bado zimo katika simu iliyotumika mwaka ule. Ameipata sandukuni, lakini haiwaki, na betri yake imevimba. Ipo kwa fundi tangu Jumatatu.