Machozi ya Kuandikwa

Siku hizi simu zetu zimejaa vitendo visivyotendeka. Mtu huandika "mbavu sina," naye ameketi kimya bila hata kutabasamu. Mwingine hutuma picha ya uso unaobubujika machozi, na macho yake ni makavu. Wako wazee wanaouliza: Je, huu si uongo?

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Kila siku watoto wetu hutuamkia "Shikamoo," neno ambalo asili yake ni kushika miguu. Hakuna aliyeshikwa mguu, wala hakuna aliyedanganywa. Neno limeshika mahali pa tendo, na heshima imefika. Vivyo hivyo machozi ya kuandikwa yaweza kuchukua huzuni ya kweli.

Hata hivyo, yatupasa kujiuliza neno hilo hutosha lini. Twakumbuka Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yaliposhuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walikufa. Aliyekuwa mbali na kuandika "poleni" hakukosea, alitoa alichoweza. Lakini tope liliondolewa kwa majembe na mitambo, na waliopoteza nyumba walihitaji blanketi, chakula, na mtu wa kuketi nao.

Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba wasalimiane kwa busu takatifu. Yeye alikuwa mbali, na busu haliwezi kutiwa ndani ya waraka. Kwa hiyo aliwaagiza wale waliokuwa pamoja wapeane wao kwa wao.

Basi, anayeandika "nakukumbatia" amejiandikia deni. Aliye Dar es Salaam aweza kumwomba jirani wa mfiwa amlipie. Sisi tulio karibu tutamtuma nani? Mwenzetu akifiwa hapa Mbulu au Hanang, nasi tuko mwendo wa saa moja kwa miguu, picha ya machozi haitoshi, hata tukituma kumi. Tuandike, ndiyo, ili ajue kwamba tumesikia. Kisha tuchukue unga kidogo, tushike njia, tukaketi naye, hata kama hatuna la kusema.