Mchele wa Kujitilia Mwenyewe

Mnywaji wa Nairobi anauogopa mchele, ile dawa ya usingizi inayotiwa kwenye glasi ya mtu aliyekwenda msalani. Aliyetiliwa huamka kesho yake bila simu wala pochi; wengine hawaamki kabisa. Ndiyo maana tumefunzana tahadhari: usiache kinywaji chako mezani, usikubali bia iliyofunguliwa ukiwa hupo.

Ajabu ni kwamba tahadhari hiyo huishia mlangoni mwa duka la dawa. Mtu amepewa diazepam kwa kukosa usingizi, fenobabitali ya kifafa, kodeini ya maumivu au hata piriton ya mafua, na jioni anaagiza bia kama kawaida. Mwizi wa baa anajua asilolijua mgonjwa huyu: dawa hizo na pombe zote hupoozesha ubongo, na zikikutana huongezeana nguvu. Ubongo ukizidiwa, pumzi hupungua, pengine ikakatika. Wala kumeza asubuhi na kunywa jioni si kinga, kwani hata baada ya siku nzima, nusu ya diazepam au zaidi huweza kuwa bado mwilini.

Kinachotuponza, naona, ni haya kuliko ujinga. Kijana anayeuza dawa hathubutu kumwuliza mzee wa kanisa kama anakunywa. Mzee naye akiulizwa, foleni ikiwa nyuma yake inasikiliza, atajibu hapana. Bahasha inaandikwa 1x2, kila mmoja anabaki na heshima yake, na hatari inaondoka mfukoni.

Heshima ya namna hiyo ni ghali mno. Afadhali mhudumu ajue leo kwamba ninakunywa kuliko mpasua maiti aje kuligundua. Basi tuulize: dawa hii inaleta usingizi? Naweza kuitumia na pombe? Tukikatazwa, kinachoachwa ni chupa. Anayeruka kidonge cha kifafa ili apate kunywa anajiitia kifafa chenyewe.

Na mwenzetu akizima baada ya kuchanganya, tusimpige picha za kuchekesha wala kusema tumwache alale, pombe itaisha. Anayekoroma kwa shida na haamki hata akitikiswa yumo hatarini. Alazwe ubavu, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali usiku huohuo pamoja na pakiti ya dawa aliyomeza, na daktari aelezwe yote bila kufichwa.