Juu ya Kukataa Jina la Dhehebu

Neno dhehebu tumelipokea kutoka Kiarabu, na katika lugha hiyo shina lake ni kwenda. Dhehebu, kwa asili, ni njia ipitwayo na mtu. Kwa hiyo Mkristo asemaye kuwa hana dhehebu asema neno zito: asema kuwa yu safarini, lakini hana njia iliyo yake peke yake, afuata nyayo za Bwana wake, basi. Yafaa tuuchunguze usemi huu kwa makini, maana wausemao ni wengi, na wengi wao ni watu wa kweli. Je, mtu aweza kwenda bila ya kupita njia? Na ikiwa hawezi, usemi wake ni uongo mtupu, au una haki nyingine ndani yake?

Swali hili halikuzaliwa katika vitabu vya wanafalsafa. Lilijaribiwa na watu wenye damu na nyama huko Marekani mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1803, wachungaji wachache wa Kipresbiteri katika Kentucky, Barton Stone miongoni mwao, walijitenga na sinodi yao, wakaunda baraza lao wenyewe wakaliita Presbiteri ya Springfield. Mwaka haujaisha, waliona ya kuwa katika kulikimbia kundi wamezaa kundi. Tarehe 28 Juni, 1804, huko Cane Ridge, walifanya jambo lililo nadra katika historia ya vyama vya wanadamu: waliandika wasia wa baraza lao, kama wasia wa mtu aliye karibu kufa, wakataka life na kuyeyuka katika mwili mmoja wa Kristo. Tangu siku hiyo walitaka kuitwa Wakristo tu, pasipo neno la kuongeza. Wenye nguvu huvunja mabaraza ya wenzao. Hawa walilivunja lao.

Uchungu kama huo ulikuwa ukiiva mahali pengine. Thomas Campbell, mchungaji wa Kipresbiteri kutoka kaskazini ya Ireland, alifika Pennsylvania mwaka 1807. Kanisa lake lilikuwa tawi la tawi, lililotokana na ugomvi wa Scotland ambao ng'ambo ya bahari haukuwa na maana. Alipowakaribisha katika Meza ya Bwana Wapresbiteri wasio wa tawi lake, alishtakiwa mbele ya wachungaji wenziwe. Mwaka 1809 alitoa tamko la kuwaita Wakristo wote katika umoja. Mwaka huohuo mwanawe, Alexander, alikuwa Glasgow. Desturi ya kanisa lao huko ilikuwa kuwapima watu kwanza, na aliyefaulu alipewa kipande kidogo cha madini ya risasi kuwa ruhusa ya kuikaribia Meza. Yasimuliwa kwamba Alexander alifaulu, akapewa kipande chake, akakitia katika sahani, akaondoka bila ya kula wala kunywa. Hakuona haki ya kuketi mahali ambapo ndugu wa kweli aweza kuzuiwa mlangoni. Wafuasi wa akina Campbell na wa Stone waliungana Lexington, Kentucky, mwaka 1832.

Watu hawa waliamini nini, na waliabudu vipi? Walishika Biblia peke yake, hasa Agano Jipya, kuwa mwongozo wao. Hawakuwa na ungamo la imani lililotungwa na kikao cho chote. Aliyetaka kujiunga nao aliulizwa kama amwamini Yesu kuwa ni Kristo, Mwana wa Mungu. Kisha alizamishwa majini, kwa sababu walisoma kuwa ubatizo ni wa mtu aliyekwisha kuamini. Kila Jumapili waliumega mkate na kukinywea kikombe, wala hawakungoja mara chache kwa mwaka kama ilivyokuwa kawaida ya makanisa walikotoka. Kila usharika ulijitawala kwa wazee na mashemasi wake, pasipo askofu wala makao makuu. Mshiriki wa kawaida aliweza kuongoza sala, na mhubiri hakutakiwa kuwa na cheo cha kumwinua juu ya ndugu zake. Makanisa ya Kristo, yaliyotokana na uamsho huu, yamefika Tanzania pia. Hospitali ya misheni yao iko Chimala, mkoani Mbeya.

Msingi wa haya yote ulikuwa kanuni moja: mtu asiseme zaidi ya Maandiko, wala pungufu yake. Ni kanuni nzuri, nyepesi kushika mkononi kama fimbo. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu. Yapata mwaka 1860, usharika wa Midway, Kentucky, ulioona kuwa uimbaji wake umeharibika mno, ulileta kinanda kidogo katika ibada. Agano Jipya halikuamuru kinanda, wala halikukikataza. Hapo ndugu waligawanyika. Wengine walisema: lisiloamriwa katika ibada limekatazwa. Wengine walisema: lisilokatazwa limeachiwa hiari ya watu. Tazama, msomaji: pande zote mbili zilikuwa na kitabu kimoja, zilichukia mafarakano kwa nguvu moja, na zilidai kunyamaza mahali pamoja. Lakini kimya hakijifasiri. Kila upande ulikipa kimya ulimi wake, kisha ukaisikia sauti yake mwenyewe, ukadhani ni ya Mungu.

Sensa ya dini ya Marekani ya mwaka 1906 iliyahesabu Makanisa ya Kristo mbali na Wanafunzi wa Kristo. Ya kwanza yalikuwa na washiriki wapatao 160,000. Wa pili walikuwa zaidi ya 980,000. Hata leo sehemu kubwa ya Makanisa ya Kristo huimba kwa sauti za watu peke yake. Kinanda hakikuwa sababu ya pekee, kwa kuwa waligombana pia juu ya vyama vya kupeleka wamisheni. Lakini yafaa tuone walipokaa. Zaidi ya nusu ya wale wa Makanisa ya Kristo walikuwa katika majimbo ya kusini yaliyojitenga na kushindwa katika vita vya 1861 hadi 1865. Nchi yao ilikuwa imefukarika, na nyoyo zao zilikuwa na kidonda. Usharika usioweza kununua kinanda huona upesi kuwa kinanda hakifai. Na usharika wenye fedha huona upesi kuwa hakina dhambi. Sisemi kuwa hoja zao zilikuwa za hila. Nasema kuwa mtu husoma kwa macho yake, na macho hayo huwa yamekaa mahali.

Hapa mtu mwenye imani iliyoandikwa ataweza kucheka, na hoja yake si dhaifu. Mpaka wa shamba uliowekewa mawe huonekana hata na mgeni. Akitaka kuubisha, ataunyoshea kidole. Mpaka ulio katika vichwa vya wenyeji hujulikana siku ya kuuvuka. Kadhalika, imani iliyoandikwa yaweza kusomwa, kusahihishwa, hata kukataliwa. Lakini imani isiyokiri kuwa ipo haina mlango wa kuingilia hoja. Asemaye, "Mimi naona hivi," aweza kujibiwa. Asemaye, "Mimi sina neno langu, haya ni Maandiko," amemfunga mwenziwe kinywa, kwani ampingaye huonekana ampinga Mungu.

Je, tuseme basi kuwa wale wa Cane Ridge walijidanganya? Sioni hivyo. Aliyeiona hatari hii mapema ni Thomas Campbell mwenyewe. Katika tamko lake la 1809 alitenga mambo mawili: yale yaliyosemwa waziwazi katika Maandiko, na yale ambayo akili ya mtu huyahitimisha kutoka humo. Haya ya pili, hata yakiwa ya kweli, aliona kuwa hayafai kuifunga dhamiri ya mtu asiyeona jinsi yanavyotoka humo, wala kufanywa sharti la ushirika. Yaweza kusemwa kuwa hata mpaka baina ya neno na hitimisho huwekwa na binadamu. Ni kweli, na ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuwa sheria ya kukata mashauri. Ni adabu ya kukaa na watu. Lau adabu hii ingaliwekwa mbele ya kanuni ya kimya, kinanda kingalikuwa jambo la kuvumiliana, si la kuachana.

Kwa hiyo naona kuwa kukataa jina la dhehebu si habari ya jinsi kanisa lilivyo. Kama habari, si kweli, kwa maana hakuna aendaye pasipo njia. Ni ahadi ya jinsi kanisa litakavyowatendea watu, na ahadi hupimwa siku ya gharama. Wala jina lenyewe si lazima liwe ukuta. Waislamu wengi wa pwani yetu ni wafuasi wa Imamu Shafii. Hawaoni haya kusema kuwa wana dhehebu, na papo hapo hukiri kuwa Wahanafi, Wamaliki na Wahanbali wamo katika Sunni kama wao. Njia iliyotajwa kwa unyenyekevu yaweza kuwa pana kuliko njia isiyotajwa kwa kiburi.

Usharika usio na jina ukimwona mtu aliyesoma kitabu kilekile akafika pengine, na ukambakishia kiti mezani, umelitimiza neno lake. Ukimwondoa, umekwisha kupata jina, hata kama haujaliandika mlangoni.