Elimu ya Siku Zisizo na Ajali

Ajali ina sauti kuu. Salama ni bubu. Ndege moja ikianguka, wapelelezi hukusanyika, na kisanduku cha kumbukumbu, ambacho huitwa cheusi ingawa rangi yake ni ya machungwa, hutafutwa hata chini ya bahari. Maelfu zikitua salama siku iyo hiyo, hapana aulizaye zimetuaje.

Je, twatenda haki? Mimi naona hatutendi. Watu husema ajali haina kinga, wakadhani wamemaliza maneno. Lakini rubani auonaye upepo umegeuka, akamwuliza mwenzake, akaacha kutua akazunguka tena, amefanya kinga kwa akili yake. Kwa kuwa kazi yake haikuzaa habari, haizai elimu.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, wakiongozwa na Robert Helmreich, waliketisha watazamaji nyuma ya marubani katika safari za kawaida. Wakaona kuwa safari nyingi zilizofika salama zilikuwa na makosa ndani yake. Ila baadhi ya makosa yale yalitambuliwa na kusahihishwa mapema. Marubani walikubali kutazamwa kwa hiari, majina yao hayakuandikwa, wala hapana aliyeadhibiwa kwa yaliyoonekana.

Yamkini msomaji atanung'unika kwamba huko ni kuwaficha wakosaji. Siidharau hoja hiyo, maana abiria amekabidhi roho yake. Walakini mtu aogopaye adhabu hutenda kama kitabu kisemavyo maadamu anatazamwa, na mtazamaji akishuka, hurudia desturi yake. Mwajiri aliyetaka kujua kweli atakuwa ameonyeshwa mchezo.

Ugumu ulio mkubwa zaidi ni mwingine: si kila lililofika salama lilikuwa jema. Mipira iliyoziba viungo vya roketi za vyombo vya anga vya Marekani ilionekana imeunguzwa na moto katika safari kadhaa. Kila mara wanaanga walirudi wazima, na wakubwa wakauzoea uharibifu ule, wakauhesabu kuwa jambo la kawaida. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986 wahandisi walionya kwamba baridi ingeidhoofisha mipira hiyo. Asubuhi Challenger ilirushwa, na watu saba waliokuwamo wakafa.